Sanduku la Majani ya Chai Mlangoni mwa Dakta Knox: Uchambuzi wa Kisa cha Edinburgh, 1828

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Novemba 1828, polisi wa mji wa Edinburgh, Uskochi, walifika katika jengo namba 10 la Surgeons' Square, ambako Dakta Robert Knox alikuwa akifundisha anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili. Bawabu wa jengo hilo, David Paterson, aliwafungulia ghala la chini na kuwatolea sanduku la majani ya chai ambalo bado lilikuwa limefungwa kamba. Lilipofunguliwa, ndani yake ulionekana mwili wa mwanamke, umekunjwa na kushindiliwa ili uenee. Sanduku hilo lilikuwa limeletwa Jumamosi jioni, na walioleta walikwisha kulipwa pauni 5, salio likingoja Jumatatu, Dakta mwenyewe akishauona mwili. Marehemu alitambuliwa siku hiyohiyo na mpangaji ambaye yeye na mkewe walikuwa wameiona maiti imefichwa katika nyasi kavu, penye kitanda cha nyumba waliyokuwa wamepanga. Alikuwa Margaret Docherty, mwenyeji wa Ireland, na Ijumaa usiku alikuwa mzima, akinywa na kucheza ngoma na wenyeji wake.

Kisa hiki hutajwa kwa majina ya William Burke na William Hare, wauaji wawili waliouza miili ya watu 16 kwa shule hiyohiyo, na masimulizi mengi hukaa kwao tu, kwa kuwa muuaji husisimua kuliko mpokeaji. Uchambuzi huu unavuka mlango na kuingia ndani. Waliokuwa humo walikuwa watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuusoma mwili wa marehemu: kuukata, kuutenganisha, kutaja kila mshipa na kila mfupa, na kueleza uliishije na ulikufaje. Watu hao walipokea maiti 17 kutoka mikono ileile kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Swali la kisa hiki, kwa maoni yangu, ni la kikazi kabla ya kuwa la kisheria: mpasuaji wa maiti alipaswa kuona nini, na kwa nini hakukiona, au alikiona akanyamaza?

Mazingira ya kazi yenyewe lazima yaeleweke kwanza. Katika miaka ya 1820 Edinburgh ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya elimu ya tiba barani Ulaya. Chuo Kikuu kilikuwa na profesa wake wa anatomia, Alexander Monro wa tatu, aliyerithi kiti cha baba na babu yake lakini hakurithi uwezo wao wa kufundisha. Charles Darwin, aliyesoma hapo kwa muda mfupi, alichukizwa na mihadhara yake. Nje ya Chuo kulikuwa na walimu binafsi walioishi kwa ada za wanafunzi, na Knox ndiye aliyewapita wote. Alikuwa amepata kuwa daktari wa jeshi, akawatibu majeruhi wa vita vya Waterloo, akatumikia kikosi chake katika Koloni la Rasi, Afrika Kusini, kisha akarudi na kuichukua shule ya mwalimu wake, John Barclay. Ndui ilikuwa imempofusha jicho moja tangu utotoni. Alivaa kwa umaridadi, alisema kwa ufasaha uliochanganyika na kejeli, na katika msimu wa mwaka 1828 darasa lake lilizidi wanafunzi 500, kiasi kwamba alilazimika kurudia mhadhara mmoja mara tatu kwa siku.

Wanafunzi hao hawakuja kusikiliza tu. Walikuja kupasua kwa mikono yao, na tangazo la shule liliwaahidi kwamba maiti zitapatikana za kutosha. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa mzigo. Fomalini, dawa ya kuhifadhi maiti zisioze, haikuwa imeanza kutumika, kwa hiyo mwili ulidumu siku chache tu kabla ya kuoza, na masomo yalifanywa zaidi katika miezi ya baridi. Njia halali za kupata maiti zilitoa miili michache mno kulinganisha na idadi ya wanafunzi. Pengo lilizibwa na wezi wa makaburini, waliofukua maiti usiku wa siku ya maziko na kuziuza alfajiri, na kwa maiti zilizosafirishwa kwa meli kutoka Ireland ndani ya mapipa na masanduku yenye majina ya bidhaa nyingine. Wananchi walijikinga kwa kujenga minara ya walinzi makaburini na kuyafunika makaburi kwa vizimba vya chuma, ambavyo baadhi yake bado vinaonekana Uskochi hadi leo. Kila mwalimu wa anatomia alijua kwamba maiti aliyoipokea huenda iliibwa. Kutouliza kulikwisha kuwa desturi ya kazi, kama vile mnunuzi wa samaki asivyouliza jina la mvuvi.

Ndani ya desturi hiyo aliingia mzee mmoja aliyeitwa Donald, askari mstaafu, aliyefariki kwa maradhi mwishoni mwa Novemba 1827 katika nyumba ya kulala wageni ya Hare, mtaa wa Tanner's Close. Alikufa akidaiwa pauni 4 za kodi. Hare na Burke walijaza jeneza magome ya miti yatumikayo kiwandani kwa ngozi, likazikwa hivyo, nao wakauchukua mwili mjini kutafuta mnunuzi. Inafaa kukumbuka kwamba walikuwa wakimtafuta Monro. Mwanafunzi waliyemuuliza njia ndiye aliyewaelekeza kwa Knox. Walilipwa pauni 7 na shilingi 10, na kwa mujibu wa maungamo ya Burke, msaidizi mmoja aliwaambia kwamba wangefurahi kuwaona tena wakiwa na mwingine. Sidhani kwamba msaidizi huyo alikuwa na nia mbaya. Alisema neno la kawaida la mnunuzi kwa muuzaji, na ubaya wa jambo umo katika ukawaida huo.

Tangu mapema mwaka 1828 hadi Oktoba 31, wawili hao waliwaua watu 16. Waliwachagua maskini, wapita njia, wazee, walevi, wanawake wasio na jamaa mjini, watu ambao asubuhi ikipambazuka hakuna mtu anayeuliza wamelala wapi. Waliwanywesha pombe hadi wakalegea, kisha mmoja akalala juu ya kifua na mwingine akaziba pua na mdomo. Njia hiyo haikuacha jeraha, haikumwaga damu, na haikuharibu bidhaa. Bei ilikuwa pauni 10 majira ya baridi na pauni 8 majira ya joto. Burke alieleza baadaye kwamba walipopeleka mwili wa Abigail Simpson, mwuza chumvi mzee, Knox mwenyewe aliutazama, akafurahi kuwa ni mpya, wala hakuuliza neno.

Hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kukaa kwa muda. Maiti iliyotoka kaburini huwa na historia yake juu ya ngozi. Uskochi ya wakati ule marehemu alilazwa nyumbani siku kadhaa kabla ya kuzikwa, kwa hiyo mwili uliofukuliwa ulikwisha kupita hatua ya kukakamaa, ambayo huanza saa chache baada ya kufa, hukamilika kwa takriban nusu siku, kisha hulegea katika siku moja au mbili zinazofuata. Ulikuwa umenyooshwa, umeoshwa, umevalishwa sanda, na ulipochimbuliwa ulikuwa na udongo wa kaburi. Damu ilikuwa imetuama mgongoni, kwa sababu marehemu alilazwa chali. Miili ya Burke na Hare haikuwa na udongo wala dalili ya kulazwa, na mara nyingine ilifika katika umbo la kukunjwa ililopewa kabla haijakakamaa. Mpasuaji hahitaji mtu wa kumwonyesha hayo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Utetezi wa upande wa Knox, hata hivyo, haukuwa mwepesi kiasi cha kutupiliwa mbali. Si kila maiti ilitoka kaburini. Nyingine zilinunuliwa kutoka nyumba za wageni za maskini kabla ya maziko, ambapo mwenye nyumba aliona afadhali kupata pauni chache kuliko kulipia jeneza. Donald mwenyewe alikuwa wa namna hiyo, na hakuna aliyemuua. Mwili mpya, basi, ulikuwa na maelezo yasiyo ya mauaji. Tena kifo cha kuzibwa pumzi kilikuwa kigumu kuthibitisha hata kwa mtaalamu. Profesa Robert Christison, aliyefundisha tiba ya mahakama na kuupima mwili wa Margaret Docherty, aliona kifo cha nguvu kuwa jambo linaloelekea kweli, lakini hakuweza kuapa kuwa ni hakika. Alilazimika kufanya majaribio juu ya maiti nyingine ili ajue kama michubuko na majeraha ya shingo aliyoyaona yangeweza kutokea baada ya kufa, mwili ulipokuwa ukishindiliwa sandukuni. Ikiwa mtaalamu wa mahakama, akiwa na muda na sababu ya kushuku, alisita, msaidizi wa darasani aliyepokea mzigo gizani angeonaje?

Hoja hiyo ningeikubali kwa mwili mmoja, labda kwa miwili. Siikubali kwa 16, kutoka kwa watu walewale wawili, wasiokuwa na kazi ya kuwapatia maiti, katika mji ambamo wezi wa makaburini wenye uzoefu walikuwa wakirudi mikono mitupu. Siikubali pia kwa sababu ya visa viwili ambavyo ndani ya chumba cha kupasulia vilitoa jina.

Cha kwanza ni cha Mary Paterson, msichana aliyeuawa Aprili 1828. Mwili wake ulipofika, haukuwa umetimiza hata nusu siku tangu kufa. William Fergusson, msaidizi wa Knox, aliona kwamba alimfahamu kwa sura, na mwanafunzi mmoja alidai vivyo hivyo. Fergusson alimwuliza Burke ameupata wapi. Burke akajibu kwamba ameununua kwa bibi kizee mmoja wa upande wa Canongate. Jibu likatosha. Knox, aliyevutiwa na uzuri wa umbo lake, aliamuru mwili huo uhifadhiwe katika pombe kali kwa miezi mitatu kabla ya kupasuliwa. Tazama kilichotokea hapo: swali liliulizwa, kwa hiyo shaka ilikuwapo, bali aliyeuliza aliridhika na jibu ambalo hakuwa na njia wala nia ya kulihakiki, na aliyemzidi cheo alimtazama marehemu kama kielelezo cha misuli. Wakati mwingine mimi huona kisa hiki kizima kimo katika chombo hicho cha pombe.

Cha pili ni cha James Wilson, kijana wa miaka 18 aliyekuwa na upungufu wa akili, na ambaye Edinburgh nzima ilimjua kwa jina la utani la Jamie. Alitembea peku mitaani, na miguu yake ilikuwa na kilema kisichosahaulika. Aliuawa mwanzoni mwa Oktoba. Alipowekwa mezani wanafunzi kadhaa walimtaja. Knox alikanusha kuwa ni yeye. Habari zilipoenea kwamba kijana huyo ametoweka, mwili ulipasuliwa mapema kuliko zamu yake, kichwa na miguu vikiondolewa kwanza. Mtu wa kazi hii ataona uzito wa jambo hilo kuliko msomaji wa kawaida. Kabla ya fomalini, upasuaji ulianzia tumboni, kwa sababu matumbo ndiyo huoza mbele ya kila kiungo. Kisha kifua, ndipo viungo vingine vikafuata. Kuanza na uso na miguu ni kuanza na vile viungo ambavyo mtu hutambulika kwavyo. Sisemi kwamba hili lilithibitishwa mahakamani kuwa njama, maana halikuthibitishwa. Nasema tu kwamba utaratibu wa kawaida wa meza ulipinduliwa, na mpinduaji alihitaji sababu.

Matokeo ya kisheria yalikuwa ya ajabu. Mwendesha mashtaka mkuu, Sir William Rae, aligundua kwamba kati ya watu wote waliouawa, aliyebaki na mwili wa kuonyesha mahakamani alikuwa Margaret Docherty peke yake. Wengine wote walikwisha kukatwa vipandevipande mbele ya wanafunzi. Kwa hiyo shule ilifanya zaidi ya kununua miili. Bila kukusudia, ilifuta ushahidi kwa ukamilifu ambao muuaji yeyote asingeuweza kwa mto wala kwa moto. Rae alilazimika kumpa Hare kinga ili atoe ushahidi dhidi ya mwenzake. Kesi ilianza tarehe 24 Desemba 1828 na kuendelea usiku kucha hadi asubuhi ya Krismasi. Burke alihukumiwa kifo, na mwanamke wake, Helen McDougal, aliachiwa kwa hukumu ya Kiskochi isemayo kwamba hatia haikuthibitishwa. Knox na wasaidizi wake walikuwamo katika orodha ya mashahidi, lakini hawakuitwa. Aliyesimama kizimbani kutoa ushahidi wa upande wa shule ni bawabu, mtu wa cheo cha chini kuliko wote. Alieleza jinsi Burke alivyomwita usiku wa manane wa mauaji, akamwonyesha rundo la nyasi na kumwambia kwamba hapo pana kitu cha Dakta. Bawabu akarudi kulala.

Kamati iliyoundwa baadaye kuchunguza mwenendo wa Knox ilitoa taarifa yake Machi 1829. Haikupata ushahidi kwamba yeye au wasaidizi wake walijua kuwa watu wameuawa; hata hivyo ilimlaumu kwa namna ya kupokea maiti bila uangalifu, na kwa kuwaacha wasaidizi wake waelewe kwamba wauzaji wasisumbuliwe kwa maswali, wasije wakapeleka biashara kwingine. Naiona taarifa hiyo kuwa ya haki zaidi kuliko ilivyosifiwa, kwa sababu iligusa mpangilio wa kazi wenyewe. Bawabu alifungua mlango na kulipa, lakini hakuwa mtaalamu. Wasaidizi walikuwa wataalamu, lakini hawakuwa na mamlaka ya kukataa mzigo. Mwenye mamlaka alifika mwili ukiwa umekwisha kuoshwa na kupangwa mezani, tayari umegeuka kuwa somo. Kila mmoja alishika sehemu ya ujuzi, na sehemu hizo hazikukutana popote.

Kwamba zingeweza kukutana kulionekana London miaka mitatu baadaye. Tarehe 5 Novemba 1831 wauza maiti waliowahi kukataliwa kwingine walileta mwili wa mvulana katika chuo cha King's College, wakadai gini 12 (gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja) na kukubali 9. Bawabu William Hill aliutazama mwili, akaona kwamba haukuwahi kulazwa katika jeneza: mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa na vidole vimefumbwa. Akamwita mwalimu wa anatomia, Richard Partridge, ambaye aliona jeraha juu ya paji la uso na dalili nyingine zisizofanana na za maiti iliyofukuliwa. Partridge akawaonyesha wauzaji noti ya pauni 50, akawaambia wasubiri aende kuivunja, na wakati wakisubiri chenji, polisi wakafika. Wawili kati yao walinyongwa mwezi uliofuata. Kwa kweli Partridge alikuwa na msaada ambao wenzake wa Edinburgh hawakuwa nao, maana jina la Burke lilikwisha kuwafundisha watu wote kushuku. Lakini alama alizozisoma, na zile ambazo bawabu wake alizisoma kabla yake, zilikuwa zilezile zilizopita mlango wa Surgeons' Square mara 16.

Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Anatomia mwaka 1832. Walimu walitakiwa kuwa na leseni, wakaguzi waliteuliwa, kila mwili ukawa na hati, na maiti zisizodaiwa na ndugu kutoka hospitali na nyumba za kulelea maskini zikaruhusiwa kupelekwa shuleni. Biashara ya wezi wa makaburi ilikufa. Ila mzigo haukuondoka mabegani mwa wale waliokuwa wakiubeba: maskini asiye na jamaa, aliyekuwa akiwindwa na Burke, sasa alichukuliwa kwa karatasi yenye saini. Fikra hiyo ilisafiri pamoja na dola. Kenya inayo Sheria yake ya Anatomia, Sura ya 249, na katika vyuo vingi vya tiba barani Afrika wanafunzi bado hujifunza kwa miili ambayo haikuchukuliwa na ndugu. Tofauti, na si ndogo, ni kwamba sasa mwili huo hufika na maandishi.

Fergusson alipanda cheo hadi akawa daktari wa upasuaji wa Malkia Victoria na rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza. Knox hakushtakiwa. Umati ulichoma sanamu yake mbele ya nyumba yake Februari 1829, wanafunzi wake wakamtunza chombo cha dhahabu, kisha darasa likapungua mwaka hadi mwaka, akahama mji mwaka 1842 na kufariki London mwaka 1862. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati wa watu wapatao 25,000, na kwa amri ya mahakama mwili wake ukapasuliwa hadharani na Monro, yule profesa ambaye Burke na Hare walikuwa wakimtafuta siku ya kwanza. Mifupa yake imesimama hadi leo katika jumba la makumbusho ya anatomia la Chuo Kikuu cha Edinburgh. Katika kisa hiki chote, ndiyo maiti pekee iliyofikishwa mezani ikijulikana jina lake, siku ya kifo chake na namna ilivyokufa.